Kimya cha Kuinulia

Hamza ndiye aliyeuliza kwanza, na aliuliza kwa sababu hakukulia shambani. Walikuwa studioni, chumba cha juu ya duka la vitambaa la babake katikati ya Eldoret, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele za barabara. Jebet alikuwa amemaliza tu kupiga besi ya wimbo wa mwisho. Hamza, mpiga ngoma, akaviweka vijiti mapajani na kusema kuna mahali hapo katikati anapotea kila mara. Besi inatembea, inapanda, inapanda, halafu inanyamaza. Pigo zima hakuna kitu. Halafu inarudi nzito, kama mtu aliyebebeshwa mzigo.

"Umesahau, ama ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Sasa mimi nipige nini hapo?"

"Usipige kitu. Hapo ni kimya."

Dennis wa gitaa hakuuliza lolote. Dennis ni wa kijiji cha Plateau, shamba kabisa. Kila besi ilipofika pale, mabega yake yaliinuka kidogo, pumzi ikakatika, halafu akashuka. Wala hakujua anafanya hivyo. Jebet aliyaona mabega hayo na akafurahi, akajiambia kumbe wimbo umefika. Hapo ndipo angepaswa kushtuka, lakini hakushtuka.

Kule kwao, kijijini Ziwa, stoo ya mahindi haibomolewi ikihamishwa. Ni kijumba cha mbao kilichosimamishwa juu ya miguu, kuta zimeachwa nyufa ili upepo ukaushe mahindi. Panya wakizidi, au kijana wa nyumba hiyo akitaka mahali pa kujenga, mwenyewe anaita majirani. Wanapitisha miti mirefu chini ya sakafu, wanaume wanashika pande zote, na mmoja anaimba. Maneno ya wimbo si kitu, yanabadilishwa kila mara kumcheka mwenye boma na uchoyo wake. Kazi yote iko pale sauti inapokatika. Watu wananyamaza pamoja, na ndani ya kile kimya kila mtu anainua. Hakuna anayesema "inua". Ukikulia huko mwili unajua wenyewe, hata ukiwa umesimama mbali na kikombe cha chai mkononi.

Jebet alikuwa na miaka kumi na mmoja Januari ile ya vurugu za matokeo ya kura. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya ua wa michongoma, mahali mamake alipomsukuma, akachungulia boma la jirani yao, Mzee Wabuge. Mzee Wabuge alikuwa ameishi Ziwa kabla babake Jebet hajaoa. Aliwauzia maziwa, akawapa bure wakikosa pesa. Amos, kakake Jebet, alikula kwa Wabuge siku nyingi kuliko alivyokula kwao. Siku hiyo ghafla mzee akawa mgeni, mtu wa kabila lingine. Vijana walikuja kutafuta kitu kikubwa cha kuongezea moto waliouwasha barabarani ili gari lisipite, wakaiona stoo. Wakatia miti. Wakaimba wimbo ule ule. Na Amos, akiwa na miaka kumi na saba, alishika pembe ya mbele.

Kabla ya kile kimya, Jebet alisikia sauti ikitoka ndani ya stoo. Mzee alikuwa amejificha kwenye mahindi. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Amos," sauti ya kwanza juu, ya pili imeanguka, kama alivyomwita kila jioni chakula kikiwa tayari. Kisha kimya. Kisha stoo ikainuka.

Waliitua juu ya matairi yanayowaka.

Jioni Amos alirudi, akanawa mikono, akasema hawakujua kama kuna mtu ndani. Kulikuwa na kelele, alisema. Mama akamshika Jebet kidevu, akamwambia, "Wewe hukuona kitu. Ulikuwa umelala." Na tangu siku hiyo Jebet alikuwa amelala. Kijiji kizima kilikuwa kimelala. Wakaja watu wa semina na fulana zao nyeupe, wakawakalisha watu chini ya hema, wakawapatanisha walioua na waliobaki bila kumtaja hata mmoja kwa jina, wakapanda miti ya amani, wakala wali, wakaenda. Miti ikaliwa na mbuzi. Barabara ikawekwa lami juu ya pale mahali, lami nzuri, ukipita hapo gari halitikisiki hata kidogo. Ndivyo nchi hii inavyozika watu wake.

Besi Jebet aliipata kanisani mjini, ikiwa imeegemezwa nyuma ya madhabahu kwa sababu vijana wa kwaya walitaka gitaa la kung'ara, si lile la kuunguruma chini. Hakufundishwa na mtu. Alijifundisha kwa hasira. Alipofika umri wa miaka thelathini kasoro, hakukuwa na mtu katika Uasin Gishu nzima wa kumgusa: kidole gumba kikipiga ngoma juu ya nyuzi nene, vidole vingine vikipiga wimbo juu yake, mtu akisikia bila kuona anadhani ni watu watatu. Watangazaji wa redio walimuuliza mbona haimbi, msichana mwenye sura nzuri vile. Alijibu kwamba ana kikohozi.

Albamu aliipa jina *Stoo*. Nyimbo saba za roki, besi mbele, gitaa na ngoma nyuma, hakuna neno hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amekatazwa kusema, basi hakusema. Alitaka wimbo wa mwisho ufike pale pa kuinulia na mtu asikie hakuna kitu, asikie aliyeondolewa pale, akose raha, akajiulize. Zile sauti mbili za Mzee Wabuge hakuthubutu kuziweka. Aliziachia nafasi tu.

Kabla ya kuitoa alipanda hadi Ziwa kumsikilizisha Namalwa. Namalwa ni binti wa Mzee Wabuge. Januari ile alikuwa kwa shangazi yake, ndiyo maana yuko hai. Alirudi mtu mzima, akakataa kuliuza shamba, akaweka kibanda cha mbao, juu ya miguu mifupi, pembeni mwa soko, cha chai na chapati, na kila anayempitia anamsalimu vizuri sana. Yeye na Jebet hawakuwa marafiki hasa. Walikuwa watu wawili wanaojua kitu kimoja.

Namalwa alivaa spika za masikioni huku akisukuma unga. Wimbo wa mwisho ulipofika katikati, mkono wake ulisimama juu ya mti wa chapati. Alisikiliza hadi mwisho, akavua, akajipangusa unga.

"Umeacha nafasi," alisema.

"Ni ya baba yako."

"Baba yangu hatoshi hapo, Jebet. Hapo watajaa wale wengine."

Jebet alimwambia ndiyo maana hakuweka maneno, mtu hawezi kuyageuza. Namalwa akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesoma sana. Akamuuliza ni nani huku anayehitaji maneno ya ule wimbo. Kisha akamgeuzia chapati na wakaongea mambo ya mvua.

Uzinduzi ulifanywa katika ukumbi mmoja mjini, Jumamosi mchana. Watu walijaa, wengi vijana ambao Januari ile walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wanabebwa mgongoni. Nyimbo sita za kwanza zilipigwa wakatingisha vichwa. Wa saba ukaanza, besi ikatembea, ikapanda, na kabla hata haijafika, Jebet akaona kutoka jukwaani mabega yakiinuka. Safu nzima. Kimya kikaingia, na ndani yake miguu mia mbili ikagonga sakafu mara moja. Vumbi likaanguka kutoka darini. Wakacheka kwa raha, wakaomba urudiwe. Ukarudiwa. Mara ya pili waliushika vizuri zaidi.

Hamza alimtazama kutoka nyuma ya ngoma zake. "Hawa wanainua nini?" akauliza. Siku hiyo ndipo Jebet alipomweleza. Hamza akasikiliza, akafungua vyombo vyake kimoja kimoja, na alipomaliza akamwambia kwa upole kwamba yeye hataupiga huo wimbo tena. Januari ile babake alivuta mlango wa chuma wa duka na familia nzima ikalala sakafuni nyuma ya majora, na huko nje ndugu za watu hawa hawa walikuwa wanaimba. "Sikujua ni wimbo gani," alisema. "Wallahi, mimi nilikuwa nahesabu tu mapigo."

Haikuchukua muda. Waendesha bodaboda wakawa wanaupiga kwa honi, na pale pa kimya wote wanakanyaga gia. Wanafunzi wakautumia kuinulia madawati. Jebet aliuondoa wimbo kwenye mtandao, lakini ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu, ukitumwa huku na huku, sasa umekatwa, imebaki ile sehemu ya kupanda na kimya peke yake, ikizunguka na kuzunguka. Mwaka wa kura ulikuwa unakaribia. Kwenye magrupu ya simu watu walianza kuuliza, kwa utani na vichekesho, nani bado ana stoo pasipo pake.

Ndipo Amos akapiga simu.

Amos sasa ni mtu. Ana lori na spika kubwa kuliko za yeyote, anazikodisha kwa mazishi, harusi na mikutano, na mwaka huo alikuwa amejifunga kwa mtu mmoja anayetaka kiti, ambaye hajachaguliwa bado lakini wote wanamwita Mheshimiwa ili azoee. Alimwambia dadake kwamba Mheshimiwa ameupenda ule wimbo sana. Atafungua nao kampeni, siku ya soko, Ziwa.

"Hautapigwa," Jebet alisema.

"Utapigwa tu. Ninao kwa simu, kila mtu anao. Na uzuri wake, dada, hauna maneno. Wale wa tume ya kuzuia uchochezi wakikuja na vinasa sauti vyao, watanasa nini? Nani ameshtakiwa kwa kunyamaza?"

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, kicheko cha kaka aliyekuwa akimbeba kuvuka mto. Usiku kucha Jebet alikigeuza kile kitu kichwani na kila upande kilikuwa vilevile: yeye ndiye aliyewatafutia njia ya kuimba ule wimbo bila kushikwa. Asubuhi akampigia Amos, akasema kama lazima upigwe, basi ataupiga mwenyewe, kwa mkono wake, hapo kwenye lori. Amos akafurahi mpaka akamwita jina la utotoni.

Alichotaka Jebet kilikuwa kidogo na ndicho alichokuwa nacho. Angekijaza kile kimya. Pale pa kuinulia angeweka zile sauti mbili, juu na chini, kwa spika za Amos mwenyewe. Mtu akisikia sauti mahali pa kimya hawezi kuinua, mwili unakwama, ni kama kupanda ngazi ambayo haipo. Na katika soko lote kulikuwa na mtu mmoja ambaye angejua zile sauti zinaita nani. Kama hakuzisikia Januari ile, zingempita tu kama noti zozote. Kama alizisikia, basi pengine angesimama. Miaka yote hiyo Jebet alikuwa amemwachia kakake nafasi, kwamba labda kweli kulikuwa na kelele.

Siku ya soko ilikuja na wingu. Hewa ilikuwa nzito, ile ya kabla ya mvua ya mawe. Ng'ombe walikuwa wamefungwa upande wao, mama wa vitunguu na mitumba upande wao, lakini watu walikuwa wananunua haraka, bila kubishania bei. Vijana walikuwa wengi kuliko soko linavyostahili, wamevaa fulana za rangi moja, na wengi Jebet hakuwajua ni wa nyumba gani. Dennis naye alikuwepo, amevaa fulana. Alimpungia mkono kwa aibu kidogo, akasema, "Manze, ni kazi tu." Nyuma ya lori kulikuwa na miti mirefu iliyochongwa, imefungwa pamoja. Jebet akauliza ni ya nini, wakamwambia ni ya hema. Akatafuta hema kwa macho. Turubai halikuwepo.

Kibanda cha Namalwa kilikuwa mahali pake, moshi ukitoka. Jebet alipita hapo kwanza. Alimwomba Namalwa afunge leo, aende nyumbani. Namalwa alikuwa anamimina chai kwenye chupa.

"Niende nyumbani gani?" akauliza. "Ile ambayo barabara yake inapita hapa?"

Jebet aliitazama ile lami. Akarudi kwenye lori, akapanda, akachomeka waya.

Mheshimiwa aliongea kidogo, maneno matamu ya wenyeji na wageni, ya mgeni kujua siku zake, akikunja kila sentensi kabla haijaiva. Kisha akamwita binti yetu, fahari yetu. Jebet akaanza. Alipiga peke yake, bila ngoma, na soko likanyamaza kwa sababu lilikuwa halijawahi kusikia kitu kama kile: nyuzi nne zinazonguruma hadi vifuani mwa ng'ombe. Vijana wakasogea. Aliona miti ikishushwa kutoka kwenye lori, ikipita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kuelekea pembeni mwa soko. Kuelekea kibandani. Walikuwa wanatabasamu. Besi ikapanda. Miti ikapita chini ya sakafu ya kibanda, upande huu hadi upande ule, na ndani ya dirisha Namalwa alikuwa amesimama, birika mkononi.

Jebet akafika pale pa kuinulia, akapiga zile sauti mbili. Ya kwanza juu. Ya pili imeanguka.

Mabega yakaenda na kurudi. Wengine waliinua, wengine hawakuinua, mti mmoja ukateleza, kijana akaanguka kwa makalio na watu wakacheka. Mtu akapiga mluzi wa kukasirika. Jebet akarudia, ikapanda tena, na tena akakijaza kile kimya, juu, chini, na safari hii hakuna aliyeinua. Walisimama wameinama, mikono kwenye miti, wakimwangalia kama watu walioamshwa vibaya.

Amos alikuwa chini, kando ya gurudumu la lori. Mara ya kwanza aligeuza kichwa haraka, si kwa Jebet bali nyuma yake, upande wa boma la zamani la Wabuge, vile mtu anavyogeuka akiitwa. Mara ya pili alimwangalia dadake. Uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka kumi na saba aliyetoka kunawa mikono. Jebet akapiga tena, kwa kuomba sasa: juu, chini.

Amos akanyoosha mkono, akaung'oa waya wa besi kwenye spika.

Hakukuwa na sauti ila ng'ombe mmoja mbali. Kisha Amos akainua kiganja na kupiga ubao wa lori. Akapiga polepole, mapigo yanayotembea, yanayopanda. Vijana wakayadaka kwa miguu. Mama mmoja wa vitunguu, mtu mzima, akavuta mtandio kichwani na kuanza kurudi kinyumenyume. Jebet alikuwa bado anapiga, vidole vilikuwa bado vinakwenda juu ya nyuzi, na zilitoa mlio mdogo wa chuma usiofika popote. Amos akasimamisha mkono hewani.

Kimya kikaja, kizima, hakina tundu.

Na kibanda kikainuka.

Kiliinuka vizuri, sawasawa pande zote, kama kazi ya watu wanaoelewana. Kikapita juu ya soko na moshi wake na dirisha lake. Kikavuka lami. Jebet aliruka kutoka kwenye lori, akaanguka, akakimbia akiwa na besi shingoni, akisukuma migongo ya fulana moja hadi akashindwa kupita. Alijua kinakopelekwa. Alitafuta matairi kwa macho, alitafuta moshi mwingine.

Matairi hayakuwepo. Walikitua ng'ambo ya barabara, taratibu kabisa, kama yai. Wakachomoa miti. Wakapiga makofi, wakapeana mikono, mmoja akaagiza chai kwa sauti na wote wakacheka. Dirisha la kibanda sasa lilitazama upande wa Kitale, njia ya kuondokea, na kisogo chake kimegeukia soko.

Amos alikuja, akampangusa dadake udongo begani. Hakumtazama machoni.

"Si umeona," alisema. "Hakuna mtu ameumia. Tulikuwa tunajaribu tu."

"Mnajaribu nini?"

Akafikiri kidogo. "Kama bado tunakumbuka," alisema, akaenda kukusanya waya zake.

Mvua ikaanza kwa matone makubwa. Pale kibanda kilipokuwa kimesimama palibaki mraba wa udongo mkavu, na Dennis alikuwa ameingia katikati yake na kusimama, bila sababu, kama mtu anayepima. Jebet akavuka barabara. Namalwa alikuwa hajasogea kutoka dirishani. Birika bado lilikuwa mkononi, na chai haikuwa imemwagika hata tone.

"Ulimwita," Namalwa alisema.

"Nilimwita."

"Alisikia?"

Jebet akatazama ng'ambo, mahali kakake alipokuwa akikunja waya, mizunguko safi, mkono hadi kiwiko, mkono hadi kiwiko.

"Alisikia," akasema. "Na siku ile alisikia."

Namalwa akaitikia kwa kichwa, polepole. Akaweka birika chini. Akamimina maji juu ya makaa, mvuke ukapanda ukajaza kibanda, na ndani ya mvuke huo akaanza kushusha vikombe kutoka kwenye misumari, kimoja kimoja, akivifunga kwenye leso.